Tonge la Kioo: Safari ya Tanuri hadi Kalibu, na Vilivyofika Singida

Kioo hakigandi kama maji. Maji yana kiwango chake, na yakikifikia hugeuka barafu. Kioo kilichoyeyuka hufanya kama asali ya Itigi asubuhi ya baridi ya Juni: kadiri kinavyopoa ndivyo kinavyozidi kuwa kizito, mpaka kinakuwa kigumu bila mtu yeyote kuweza kusema ni dakika ipi kiliacha kumiminika. Tabia hiyo moja ndiyo iliyotawala historia ya ufundi huu. Kuyeyusha mchanga ni kazi ya moto, na binadamu aliiweza zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kazi iliyochelewa kupata ufumbuzi ni ile ya hatua chache tu: kukitoa kioo tanurini na kukifikisha kwenye kalibu kikiwa na uzito uleule, joto lilelile na umbo lilelile, mara elfu kwa elfu, kabla hakijakakamaa.

Singida si nchi ya matanuri ya kioo. Mkoa huo ulijulikana kwa chumvi ya maziwa yake, kwa mifugo, kwa asali na baadaye kwa alizeti. Lakini umekaa katikati ya nchi, juu ya njia ya zamani ya misafara, na kwa hiyo kila hatua ya ufundi wa kioo ilifika huko ikiwa imekwisha kuwa bidhaa: kwanza shanga, halafu chupa. Ukivitazama vitu hivyo kwa mpangilio wa kufika kwake, unaiona historia ya jinsi tonge la kioo, yaani kipande kilichoyeyuka cha kuundia kitu kimoja, lilivyohama kutoka mikononi mwa mtu kwenda kwenye mashine.

Shanga zilitangulia. Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipita Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori kavu lililokaa sehemu ambazo leo ni Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Richard Burton na John Speke walilivuka mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Kila msafara ulibeba fedha ya aina tatu: nguo, waya wa shaba na shanga. Shanga zilinunuliwa Zanzibar kwa uzito wa frasila, zikatungwa njiani kwenye nyuzi zilizoitwa kete, na kete kumi zikafanya fundo moja. Stanley alibeba magunia 22 ya shanga za aina 11, na sababu haikuwa anasa. Bubu, yaani shanga nyeusi, zilipokelewa Ugogo na kukataliwa kwingine. Nyeupe zilizoitwa merikani zilikuwa mali katika nchi moja na takataka katika nchi ya pili. Nyekundu, samesame, zilipendwa karibu kila mahali, hata Burton akaandika kwamba zilipewa jina lenye maana ya vivunja miji. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika Mgunda Mkali na mizigo isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Nyingi za shanga hizo zilitoka Murano, kisiwa cha mafundi karibu na Venice, na ziliundwa bila kalibu kabisa. Fundi alichota kioo kwa fimbo ya chuma, akakifanya kiwe na tundu katikati, kisha mwenzake akagandisha fimbo yake upande wa pili, na watu hao wawili wakatengana wakienda mbio kwenye ukumbi mrefu, kioo kikivutika kati yao kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita. Mrija ukikatwakatwa, vipande huchanganywa na majivu ili matundu yasizibe, kisha hupashwa tena moto vikizungushwa mpaka ncha zao zinalainika. Unene wa shanga ulitegemea mwendo wa miguu ya watu wawili. Kwa hiyo ndani ya kete moja hapakukosekana shanga nene na nyembamba.

Bohemia, katika nchi ambayo sasa ni Cheki, ndiko kalibu ilikoingia katika biashara ya shanga. Mafundi wa eneo la Jablonec walilainisha ncha ya fimbo ya kioo kwenye moto, wakaiingiza kati ya koleo lenye nusu mbili za kalibu, wakabana. Sindano iliyomo ndani ya koleo ilitoboa tundu wakati huohuo. Hapa swali la kiasi linaonekana waziwazi kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeweza kupima kwa jicho kioo kinachotosha shanga moja tu, basi fundi aliweka kingi kuliko haja, na ziada ikabanwa nje ya kalibu kama utando, ikapukutishwa baadaye. Usahihi ulinunuliwa kwa hasara. Shanga ndogo zinazoshonwa kwenye ngozi na mapambo ya wafugaji wa Kitaturu na Kibarbaig zimetoka pia katika nchi hiyohiyo ya Cheki.

Chupa ilichelewa. Nyumba za Wanyaturu na Wanyiramba, wenyeji wa Singida, zilikuwa na kibuyu cha maziwa, mtungi wa maji na mzinga wa asali, na vyombo hivyo vilitosha. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Manyoni na Itigi, karibu kabisa na njia ya wapagazi. Kitu kizito na rahisi kuvunjika kama chupa kilipata sasa njia ya kusafiri ambayo mabega ya mtu hayakuweza kuitoa. Shanga nazo zikaacha kuwa fedha: kodi ilidaiwa kwa sarafu.

Chupa za miaka hiyo zilikuwa zimevuka tu mageuzi makubwa huko zilikotoka. Kwa karibu miaka 1,900, tangu mafundi wa Shamu walipogundua bomba la kupulizia katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, chupa ilitegemea mchotaji. Huyu alichovya ncha ya bomba tanurini, akalizungusha ili kioo kijikusanye kama ugali kwenye mwiko, akalitoa huku akiendelea kulizungusha kwa sababu akiacha kidogo tu kioo kinaning'inia upande mmoja. Mpulizaji alipuliza ndani ya kalibu iliyofungwa na mtoto aliyechuchumaa chini. Uzito wa chupa ulikuwa kichwani mwa mchotaji. Alikuwa stadi, na alikosea kila siku.

Mashine za kwanza hazikumgusa mchotaji huyo, na hilo ni jambo linalosahaulika katika masimulizi mengi ya uvumbuzi. Philip Arbogast wa Pittsburgh alipata hataza mwaka 1882 ya njia ya kubana kioo kwanza na kukipuliza baadaye. Howard Ashley, Mwingereza wa Yorkshire, akatengeneza mashine ya chupa katika nusu ya pili ya miaka ya 1880. Zote mbili zilirahisisha kupuliza. Kulisha kalibu kulibaki vilevile: mchotaji alisimama juu ya mashine, akaacha kioo kidondoke kutoka kwenye fimbo, na mwenzake akakikata kwa mkasi alipoona kinatosha. Mashine ilimsubiri mtu.

Wakati huohuo chupa ilikuwa inadaiwa usahihi zaidi. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kifuniko cha bati chenye meno, kilekile kinachofungia soda na bia hadi leo. Kifuniko hicho hakisamehe. Mdomo wa chupa ukiwa mpana kidogo, hakikai; ukiwa mwembamba, gesi inatoka.

Aliyemwondoa mchotaji alikuwa Michael Owens wa Toledo, Ohio, mtu aliyeingia kiwanda cha kioo akiwa mtoto. Mashine yake, iliyokamilika mwaka 1903, ilinyonya. Kila mkono wake ulishuka juu ya chungu kikubwa cha kioo kinachozunguka, ukavuta kioo kwa nguvu ya ombwe mpaka kalibu ikajaa, kisha kisu kikapita chini yake kukata. Kipimo kilikuwa kalibu yenyewe: ikijaa, imejaa. Watoto waliokuwa wakifunga kalibu na kubeba chupa walianza kutoweka viwandani, jambo ambalo wapigania haki za watoto wa Marekani walikiri kwamba mashine ililifanya kwa kasi kuliko sheria. Ila unyonyaji ulikuwa na gharama zake. Mashine ilikuwa kubwa kama nyumba ndogo, chungu kilihitaji kuzunguka ili mkono unaofuata usinyonye mahali palipokwisha kupozwa na mkono uliotangulia, na kisu kiliacha kovu lenye mikunjo kwenye kitako cha kila chupa.

Njia nyingine ilikuwa kuacha kioo kianguke chenyewe. Wa kwanza kujaribu walikifungulia kitiririke kama uzi kutoka kwenye tundu la tanuri hadi kalibuni. Yeyote aliyewahi kumimina asali kutoka juu anajua kilichotokea: uzi haukutulia chini, ulijiviringa wenyewe duara juu ya duara, ukafungia hewa katikati. Chupa zilitoka na mikunjo na viputo.

Jawabu lilipatikana katika jimbo la Connecticut. Karl Peiler, mhandisi wa kampuni ya Hartford-Fairmont iliyoundwa mwaka 1912, aliacha wazo la uzi akafuata wazo la tonge. Alitaka kioo kifike kalibuni kikiwa kipande kimoja kilichokwisha kupewa umbo kabla ya kuanguka. Katika muongo huo na mwanzo wa ule uliofuata, mashine yake ya kulisha ilipita hatua kadhaa, na ile iliyotulia ndiyo mama wa zote zinazotumika leo.

Muundo wake unaeleweka kwa urahisi na mtu aliyezoea kinu na mchi. Kioo hutoka tanurini kwenye mfereji wa matofali ya moto na kuishia kwenye bakuli lenye tundu chini. Ndani ya bakuli kuna mchi wa udongo mgumu unaopanda na kushuka. Ukishuka husukuma kioo kupita tundu. Ukipanda hukivuta kirudi, na shingo ya tonge inakonda. Hapo ndipo mkasi unapofunga, chini ya tundu, na tonge linaanguka. Mrija mnene unaouzunguka mchi hupandishwa au kushushwa ili kuongeza au kupunguza kioo kinachoingia: huo ndio unaoamua uzito. Mwendo wa mchi na saa ya mkasi huamua umbo, kama tonge liwe refu kwa kalibu nyembamba au fupi na nono kwa kalibu pana. Visu vya mkasi hupuliziwa maji yenye mafuta kidogo ili visigande kwenye kioo, na hata hivyo huacha alama ndogo ya ubaridi pale vilipokata.

Usahihi wa mashine hiyo unaanzia nyuma zaidi, kwenye mfereji. Kioo chenye joto zaidi ni chepesi, na kwa muda uleule hupita kingi zaidi kwenye tundu lilelile; kikipoa kidogo, tonge linapungua. Kioo cha pembeni mwa mfereji hupoa kabla ya kile cha katikati, kwa hiyo ndimi za moto huelekezwa kandokando na upepo wa kupoza hupitishwa juu ya katikati, mpaka kinachofika kwenye bakuli kiwe na joto moja. Tanuri huyeyusha kwa nyuzi zipatazo 1,500 za Selsiasi. Tonge huanguka likiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi. Tofauti ya nyuzi chache kati ya upande na upande hulifanya tonge lipinde hewani kama ndizi.

Mashine ya kupuliza iliyolingana na mashine hiyo ya kulisha ilibuniwa na Henry Ingle katikati ya miaka ya 1920, katika kampuni hiyohiyo iliyokuwa imeungana na nyingine na kuitwa Hartford-Empire. Ubunifu wake ulikuwa kukataa mzunguko. Kalibu zikasimama mahali pamoja, sehemu baada ya sehemu kwenye mstari mmoja, na tonge ndilo likapelekwa kwa kila moja kwa zamu. Sehemu moja ikiharibika husimamishwa peke yake na nyingine zinaendelea. Wazo hilo lilifaulu kiasi cha kuleta matatizo ya sheria: kufikia 1938 asilimia 94 ya vyombo vya kioo vilivyotengenezwa Marekani kwa mashine za kulisha na kuunda vilitoka kwenye mashine zenye leseni za hataza zilizokusanywa na kampuni hiyo na washirika wake, na mwaka 1945 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ukusanyaji huo ulivunja sheria za ushindani.

Tanganyika ilikuwa mnunuzi tu wakati huo. Kampuni ya bia ya Tanganyika Breweries iliundwa Dar es Salaam mwaka 1933, soda ikaenea baadaye, na chupa tupu zilikuwa zinatoka nje. Mwaka 1963 kiwanda cha Kioo Limited kikaanzishwa Dar es Salaam, katika eneo la viwanda la Chang'ombe, na kundi la Madhvani lenye makao yake Kakira, Uganda. Mwaka huohuo, kwa sadfa, Singida ikawa mkoa kamili. Mahitaji ya kiwanda cha namna hiyo hayana siri: mchanga mweupe, mawe ya chokaa, vigae vya chupa zilizovunjika, na magadi ambayo hushusha kiwango cha kuyeyuka. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kwa biashara tangu 1911. Tanzania nayo ina magadi mengi Ziwa Natron na Engaruka. Gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, Kioo Limited ikawa miongoni mwa viwanda vya mwanzo kuitumia. Moto wa gesi huongozwa kwa wepesi kuliko wa mafuta mazito, na moto mtulivu ni nusu ya tonge sahihi.

Kwa hiyo chupa ya soda iliyolala nyuma ya kibanda cha Singida mjini ni hati inayosomeka, mtu akiigeuza kwenye jua. Mistari miwili mikavu inapanda kutoka kitakoni hadi begani, ikitazamana: hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye mdomo kuna mstari mwingine unaofika hadi ukingoni kabisa. Katika chupa ya mpulizaji wa zamani mstari huo ulikomea chini ya mdomo, kwa maana mdomo uliumbwa baadaye kwa mkono. Mwanga ukipita vizuri huonekana pia mstari mwingine, hafifu na uliopinda, usioendana na ile miwili ya ubavuni. Huo ni kivuli cha kalibu ya kwanza. Tonge haliwi chupa mara moja: huangukia kalibu ya kwanza ambako hupata mdomo na kuwa chupa changa, nene na fupi, kichwa chini, kisha hugeuzwa na kupelekwa kalibu ya pili ambako hupulizwa hadi ukubwa wake. Kitakoni kuna duara lisilokaa sawa katikati, alama ya kizibo cha kalibu ya kwanza, na namba ndogo inayotaja kalibu iliyoizaa. Kibonyeo kama cha kidole kinachohisiwa kwa gumba ubavuni, au unene uliozidi upande mmoja wa kitako, kwa kawaida ni kosa lililotokea kabla hata upepo haujaingia.

Makosa hayo ndiyo yaliyoshughulisha wahandisi baada ya mashine ya kulisha kukamilika, kwani kati ya mkasi na kalibu bado kuna mita kadhaa. Tonge likikatwa hupokelewa na kijiko kinachozunguka, huteleza kwenye mchirizi wa chuma, kisha hugeuzwa na kipande kilichopinda ili liingie kalibuni wima. Safari nzima haimalizi sekunde mbili. Humo ndani likigusa upande mmoja zaidi ya mwingine, upande huo hupoa. Upande uliopoa hautanuki vizuri, na chupa inatoka na ukuta mnene huku na mwembamba kule. Ukuta mwembamba wa chupa ya soda hupasuka kwa shinikizo la gesi. Likiingia limeinama, huchubua ukingo wa kalibu na kuacha mkunjo. Isitoshe, kalibu za mwisho wa mstari ziko mbali kuliko za katikati, kwa hiyo matonge yake hufika yamechelewa na yamepoa zaidi.

Ufumbuzi ulikuwa wa vitu vidogovidogo, na labda ndiyo maana hauna shujaa wa kutajwa jina. Michirizi ilipakwa grafaiti ili tonge liteleze bila kukwaruzwa, ikapozwa kwa maji, ikapangwa upya ili tofauti ya njia kati ya kalibu na kalibu ipungue. Kalibu ya kwanza hupakwa mafuta maalumu kwa brashi ili tonge lishuke mpaka chini. Kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyepeleka mkono wake kati ya vyuma vinavyofunga na kufunguka, na chupa za kwanza baada ya kupaka hutupwa kwa sababu zina madoa. Sasa viwanda vingi duniani huikabidhi roboti. Kijiko kilichokuwa kikiendeshwa na magurudumu ya meno huendeshwa na mota zinazoongozwa na kompyuta, na kamera hulitazama tonge likiwa hewani, hupima urefu na unene wake, na kuuamuru mrija wa kwenye bakuli upande au ushuke kidogo. Mashine moja ya kulisha hukata matonge mawili, matatu au manne kwa pamoja, kila moja likielekea kalibu yake. Uzito ukidhibitiwa namna hiyo, chupa inaweza kupunguzwa unene bila kupoteza nguvu, na lori moja likabeba chupa nyingi zaidi.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake Singida. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida mjini ni takriban kilomita 700 kwa barabara, na kila kreti ya chupa husafiri mara mbili, ikija imejaa na ikirudi tupu. Chupa ya kurudishwa huoshwa na kujazwa tena mara nyingi kabla ya kustaafu, na hivyo huundwa nene kuliko ile ya kutumika mara moja. Nyingine hutoka katika mzunguko huo mapema: asali kutoka misitu na vichaka vya Manyoni na Itigi imeuzwa kwa miaka mingi kando ya barabara ndani ya chupa zilizokwisha kunywewa vinywaji vingine, na bado huuzwa hivyo, ingawa plastiki imechukua nafasi kubwa. Chupa iliyo nzima hurudi kwenye kreti kwa sababu ya amana yake. Iliyovunjika ni kigae ambacho tanuri lingekipokea kwa furaha, kwa kuwa huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga, lakini bei ya kigae ni ndogo na kilomita ni 700, basi nyingi hubaki palepale zilipovunjikia.